Homesisi: sumu kidogo inapouamsha mwili

Homesisi ni hali ambayo kitu chenye madhara kikimfikia kiumbe kwa dozi ndogo humwimarisha, na dozi ikizidi humdhuru au kumuua. Kitu hicho kinaweza kuwa kemikali, joto, njaa au mazoezi makali. Daktari Paracelsus alishafundisha katika karne ya 16 kwamba kipimo ndicho kinachokifanya kitu kuwa sumu. Homesisi inaongeza jambo jingine: ukishuka chini ya kipimo cha kudhuru, unaweza kukuta matokeo yaliyo kinyume kabisa.

Mmoja wa watu wa mwanzo kulipima jambo hili maabara ni Hugo Schulz, mtaalamu wa dawa wa Chuo Kikuu cha Greifswald, Ujerumani, katika miaka ya 1880. Alikuwa akijaribu sumu mbalimbali kwenye hamira. Hamira ikila sukari hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, kwa hiyo ukipima gesi unajua seli zake zinafanya kazi kwa kasi gani. Sumu ilipokuwa kali, gesi ilikoma. Schulz alipoizimua mpaka ikabaki kidogo sana, gesi ikatoka nyingi kuliko ile ya hamira ambayo haikutiwa sumu yoyote. Alirudia jaribio na matokeo yakawa yale yale.

Bahati mbaya ugunduzi wake ulibebwa na watetezi wa homeopathi, tiba ambayo dawa zake huzimuliwa mara nyingi mno hata huenda isibaki molekuli moja ya dawa kwenye chupa. Wanasayansi wengi wakalipa kisogo wazo zima, na nadhani hapo sayansi ilipoteza miaka mingi bure, kwa sababu dozi ndogo ni jambo moja na kutokuwepo kwa dozi ni jambo jingine. Jina homesisi lenyewe lilikuja mwaka 1943, pale Chester Southam na John Ehrlich wa Marekani walipoona kwamba kemikali za mti wa mwerezi mwekundu, ambazo huua kuvu wa kuozesha mbao, zikiwa kidogo huwafanya kuvu hao wakue zaidi.

Faida hii hailetwi na sumu yenyewe, inaletwa na mwili unapojibu shambulio. Chukua mboga za jamii ya kabichi: sukuma wiki, kabichi, brokoli. Ndani ya jani lao kuna kemikali na kimeng'enya ambavyo mmea umevitenga, kila kimoja mahali pake. Mdudu akitafuna jani, au kisu kikipita, vinakutana na kuzaa vitu vikali vya kumfukuza mdudu. Kimojawapo ni salforafani, ambayo hupatikana zaidi kwenye brokoli. Ikiingia kwenye seli zetu, inaigusa protini iitwayo Keap1, ambayo kazi yake ni kuizuia protini nyingine, Nrf2. Nrf2 ikishaachiwa huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za vimeng'enya vinavyovunja sumu na kurekebisha uharibifu. Shambulio lenyewe lilikuwa dogo, lakini ulinzi ulioamka unatosha kukabili na mambo mengine. (Kuchemsha mboga kwa muda mrefu huua kile kimeng'enya, basi heri uikate na kuipika kidogo tu.)

Mazoezi nayo hufanya kazi kwa njia inayofanana. Misuli ikifanya kazi ngumu hutoa kemikali za oksijeni zinazoweza kuumiza seli. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani walichapisha utafiti uliowafanyisha vijana wa kiume mazoezi kwa wiki 4, baadhi yao wakipewa kila siku miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E, ambazo huzima kemikali hizo. Wasiopewa vidonge, miili yao ilianza kuitikia insulini vizuri zaidi. Waliopewa hawakupata nafuu hiyo. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, lakini mimi naona swali walilouliza ni la maana sana kwa kila anayemeza vidonge vya vitamini akidhani vingi ndiyo bora.

Faida yenyewe huwa na kikomo. Edward Calabrese wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, aliyekusanya maelfu ya mifano, anaonyesha kwamba kilele chake kwa kawaida ni asilimia 30 hadi 60 juu ya hali ya kawaida, kisha dozi ikiendelea kupanda faida hushuka. Tena mwili unahitaji muda wa kupumzika kati ya shambulio na shambulio.

Na si kila sumu ina upande mzuri. Kwa madini ya risasi, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Asikudanganye mtu kwamba zebaki iliyomo kwenye krimu za kung'arisha ngozi ni kidogo na hivyo haina neno. Kuhusu mionzi mabishano bado ni makali, na taratibu za usalama zinaendelea kuhesabu kila dozi kuwa inaongeza hatari.

Kisha kuna swali ambalo halitajwi inavyostahili: anayefaidika ni nani? Vidukari wanaonyonya utomvu wa kabichi, viazi na pilipili wamechunguzwa maabara wakiwa wamepewa dozi ndogo za imidakloprid, dawa ya kuua wadudu, dozi isiyowaua. Walizaa zaidi. Shambani dozi ya namna hiyo hupatikana kwa urahisi: mkulima akizimua dawa kupita maelekezo ya lebo ili itoshe, au ikipungua nguvu juani, au mvua ikiosha majani na kubakisha kidogo upande wa chini, ambako ndiko vidukari wanakokaa.