Kabla ya Kusaini Mkataba wa Likizo ya Zamu, Hesabu Vichwa vya Nyumbani Kwako

Kila likizo ya shule inapokaribia, dawati letu la walaji hupokea malalamiko mengi kuhusu likizo za zamu, hizi ambazo wauzaji huziita taimushea, klabu ya likizo au uanachama wa mapumziko: unalipa kiingilio, kisha ada kila mwaka, upate haki ya kutumia nyumba ya hoteli wiki moja kila mwaka kwa miaka kadhaa. Wengi wanaolalamika wana sura moja: baba na mama wa umri wa miaka thelathini na kitu, watoto wanne au watano, mdogo bado yuko kwenye nepi. Wameambiwa kwamba mpango huu umebuniwa kwa ajili ya familia kama yao. Tunawaomba wenye familia za namna hiyo wasome makala haya kabla ya kushika kalamu, kwa sababu kwao mkataba huu mara nyingi haufai. Unapofaa, kuna masharti lazima yatimie kwanza.

Kuna mikataba ya wiki maalumu (tarehe zilezile kila mwaka), ya wiki inayoelea (unaiomba upya kila mwaka) na ya pointi (unazitumia kulipia siku unazotaka). Tofauti zake mtaelezwa na muuzaji, na sehemu hiyo kwa kawaida huielezea vizuri. Sisi tuanze na asichokieleza.

Nyumba ya watu sita

Nyumba ya vyumba viwili inayotangazwa kuwa ni ya watu sita kwa kawaida hulaza wanne vyumbani na wawili kwenye kochi la kukunjua sebuleni. Sasa hesabu vichwa: wazazi wawili, watoto watano, dada wa kazi, na bibi ambaye hamwezi kumwacha Mbagala peke yake wiki nzima. Hao ni tisa. Idadi ya juu ya wakaaji inafungamana na bima na usalama wa moto, kwa hiyo mtu wa mapokezi hana mamlaka ya kuwaongezea godoro hata mkimbembeleza. Mtalipia nyumba ya pili kwa bei ya siku, kama ipo. Uliza pia, na jibu liandikwe, kama mtoto mchanga anahesabiwa kuwa mkaaji. Kuna hoteli zinazomhesabu na kuna zisizomhesabu.

Halafu tazama muda. Mkataba wa miaka 15 unaosainiwa leo, mtoto wa miaka 3 atautoka akiwa na miaka 18. Kaka yake wa miaka 11 atakuwa na 26, na huenda ana familia yake. Kati ya hapo kuna miaka ambayo wavulana na wasichana hawawezi kulala chumba kimoja, na vyumba viwili vitakuwa havitoshi hata kama idadi ya watu haijaongezeka. Mnanunua nyumba kwa kipimo cha familia mliyonayo mwaka huu, ilhali familia changa ndiyo inayobadilika haraka kuliko zote.

Wiki ipi hasa?

Hapa ndipo mikataba mingi inapokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Watoto wakiwa hawajaanza shule, mnaweza kusafiri Februari au Agosti bila shida. Akishaingia mmoja darasa la kwanza, zinazobaki ni likizo ya katikati ya mwaka, likizo ya Desemba na zile fupi za katikati ya muhula. Hizo ndizo wiki ambazo kila mwanachama mwenye watoto anazitaka. Wiki za bei nafuu zinazosifiwa na muuzaji nyingi huangukia kati ya Machi na Mei, yaani masika. Watoto watano ndani ya nyumba ya vyumba viwili, mvua inanyesha siku nne mfululizo, bwawa limefungwa: fikiria hilo kabla ya kufurahia punguzo.

Desemba nayo ina wenyewe. Familia nyingi za Dar es Salaam hupanda basi kwenda Moshi, Bukoba, Mbeya au Songea. Kuna wazee wanaosubiri, kuna harusi na vipaimara. Ukinunua wiki ya Krismasi, jiulize kwa dhati kama utamwambia mama yako kwamba kwa miaka 15 ijayo hamtakwenda nyumbani.

Kwa familia za Kiislamu kuna kosa jingine ambalo tumeliona zaidi ya mara moja: kununua wiki maalumu kwa sababu mwaka huo imeangukia Idd. Mwaka wa Hijria hupungua kwa takriban siku 11 ukilinganisha na kalenda ya kawaida. Idd el-Hajj ya 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Mwaka 2029 itaangukia mwishoni mwa Aprili, katikati ya masika na nje ya likizo ya Juni. Wiki yako maalumu itabaki palepale Juni, sikukuu imeondoka.

Kipimo ni rahisi. Kabla ya kulipa chochote, omba muuzaji afungue mfumo wa nafasi mbele yako. Taja nyumba ya ukubwa unaouhitaji na wiki mbili halisi, moja ya likizo ya Juni ijayo na moja ya Desemba ijayo. Uliza mwanachama anaruhusiwa kuweka nafasi miezi mingapi kabla, na waliotangulia wana kipaumbele gani. Omba jibu kwa barua pepe. Jibu la "nafasi zipo tu" si jibu. Na ukiona ndani ya mkataba maneno "kulingana na upatikanaji", elewa kwamba kisheria umenunua haki ya kuomba wiki. Haki ya kuipata ni kitu kingine.

Hesabu ya miaka kumi

Tuchukue mfano wa kufanyia hesabu, weka tarakimu zako badala ya hizi. Kiingilio ni Sh 18,000,000. Ada ya mwaka ya matengenezo ni Sh 1,400,000, nayo inapanda kwa asilimia 7 kila mwaka. Mwaka wa kumi ada itakuwa imefika karibu Sh 2,574,000. Jumla ya ada za miaka kumi ni takriban Sh 19,343,000, zaidi ya kiingilio chenyewe. Ukijumlisha vyote umelipa Sh 37,343,000 kwa wiki kumi. Kila wiki moja imekugharimu takriban Sh 3,734,000, sawa na Sh 533,000 kwa usiku, kabla ya nauli ya boti na kabla ya chakula.

Linganisha na kupanga nyumba ya kawaida ya mapumziko kwa Sh 250,000 kwa usiku. Wiki ni Sh 1,750,000. Hata bei hiyo ikipanda kwa asilimia 7 ileile, miaka kumi itagharimu kama Sh 24,180,000, na mwaka ambao mtoto anafanya mtihani wa darasa la saba au mama amejifungua hamlipi kitu. Mwenye mkataba analipa ada kila mwaka, asafiri asisafiri. Akitumia wiki sita tu kati ya kumi, kila wiki aliyoitumia imemgharimu zaidi ya Sh 6,200,000. Kwa familia yenye watoto wadogo, kukosa miaka minne kati ya kumi ni jambo la kawaida kabisa: surua, uhamisho wa kazi, msiba, ada za shule.

Ankara ya ada isome mstari kwa mstari. Utakuta matengenezo, bima, usimamizi, na mara nyingi mfuko wa akiba wa matengenezo makubwa. Tafuta kifungu kinachosema ada inapandishwa na nani na kwa kikomo gani. Kama hakuna kikomo, asilimia 7 ya mfano wetu ni makisio ya upole. Tafuta pia neno "mchango maalumu". Paa likibomoka, mchango huo ndio utakaokufikia. Na uliza kama kiasi ulichotajiwa kinajumuisha VAT.

Kuhusu kubadilishana wiki yako na ya hoteli nyingine duniani: kampuni kubwa za kazi hiyo, RCI na Interval International, zilianzishwa Marekani katika miaka ya 1970 na mfumo wao unafanya kazi. Lakini una ada ya uanachama, una ada ya kila ubadilishaji, na thamani ya wiki unayoiweka ndiyo inayoamua unachoweza kupata. Wiki ya masika ya nyumba ya vyumba viwili haikupi Desemba ya vyumba vitatu kwingine. Na tiketi za ndege ni za watu saba.

Hukununua kiwanja

Tunasema wazi, kwa sababu swali la kama umenunua mali linarudi kila wiki: mikataba mingi ya aina hii ni haki ya kutumia kwa muda. Haikupi hati, huwezi kuiweka dhamana benki, na haipandi thamani kama kiwanja cha Kigamboni. Wanaotaka kuiuza hukuta bei imeshuka sana au hakuna mnunuzi kabisa. Baada ya hapo hupigiwa simu na mtu anayedai amempata mnunuzi, ila itangulie ada ya kushughulikia. Usitume hiyo ada.

Na kuacha kulipa hakukutoi kwenye mkataba. Ukiacha kulipa, kwanza haki ya kuweka nafasi hufungwa, kisha riba huanza kuhesabiwa, kisha barua ya madai huja. Njia ya kutoka ni ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Kama haikuandikwa, usisaini.

Kama mali iko Zanzibar, kumbuka kwamba ardhi si jambo la Muungano. Kampuni iliyosajiliwa huko utaitafuta kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), na ukiikosa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni za Bara, usikurupuke kuiita hewa. Ya Bara itafute kwenye mfumo wa usajili wa BRELA kwa jina kamili lililo kwenye mkataba, siyo jina la kwenye kipeperushi. Yakitofautiana, uliza nani hasa anadaiwa huduma.

Fedha, stempu na siku za kughairi

Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza kutumika Machi 28, 2025 zinakataza kutangaza bei au kupokea malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa nchini. Kwa hiyo ukipewa bei ya dola kwa hoteli iliyoko Tanzania, hiyo peke yake ni sababu ya kusimama na kuuliza. Hoteli iliyoko nje ni suala tofauti, na ada yake itapanda kila shilingi inaposhuka.

Lipa kwenye akaunti au lipa namba yenye jina la kampuni ileile iliyo kwenye mkataba. Namba ya simu ya muuzaji haifai, hata akisema mfumo uko chini. Dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), maana kudai risiti ni wajibu wa mnunuzi pia. Mkataba unaopaswa kulipiwa ushuru wa stempu ulipiwe Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Usipolipiwa, mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake. Wengi hugundua hili siku wanapoingia kwa wakili.

Katika Umoja wa Ulaya sheria inampa mnunuzi siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, na muuzaji haruhusiwi kupokea malipo ya awali ndani ya siku hizo. Florida ni siku 10. Afrika Kusini ni siku 5 za kazi pale mnunuzi aliponaswa kwa mauzo ya moja kwa moja. Usichukulie kwamba siku hizo zinakufuata hadi Dar es Salaam kwa sababu tu kipeperushi kimezitaja. Dai kifungu cha kughairi kiandikwe ndani ya mkataba wako, kikitaja idadi ya siku, anwani ya kupeleka barua na muda wa kurudishiwa fedha. "Bei ya leo tu" ni mbinu ya mauzo. Mkataba wa miaka 15 hausomwi kwa dakika tisini za kikao cha mauzo, watoto wakilia kwenye kona ya michezo.

Ukishasaini na ukaona umedanganywa

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyeridhia kwa kudanganywa kuukataa mkataba, lakini kuthibitisha ni kazi yake. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kauli za kumpotosha mlaji, na anayeivunja anaweza kutozwa na Tume ya Ushindani faini inayofika asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka. Faini hiyo haiingii mfukoni mwako. Walalamikaji wengi huondoka wakiamini kwamba kampuni ikipigwa faini wamerudishiwa fedha, sivyo. Fidia huombwa yenyewe, kwa kiasi kilichotajwa na ushahidi wake. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume ya Ushindani anakata rufaa Baraza la Ushindani. Sheria hiyo ni ya Bara. Kwa muuzaji wa Zanzibar, nenda ZFCC, tume ya ushindani ya huko.

Anza kwa barua kwa muuzaji. Andika tarehe ya mkataba, namba yake, kiasi ulicholipa na kwa njia gani, kauli uliyoambiwa na kifungu kinachopingana nayo, na unachodai. Ipeleke kwa mkono ukiwa na nakala ya pili, mapokezi waigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ambatisha nakala za kipeperushi, jumbe za WhatsApp na risiti. Nakala halisi zibaki nyumbani. Kama mkataba una siku za kughairi, barua hiyo ifike kabla hazijaisha, kwa sababu simu uliyompigia muuzaji Jumamosi usiku haina muhuri.