Mpingo unapasuka, tena ule wa kweli

Juzi saa mbili usiku nimetumiwa picha ya bakuli lenye ufa. Chini yake ujumbe: "Fundi, hii uliniuzia feki. Mpingo halisi haupasuki."

Mama huyu ni mteja wangu wa siku nyingi. Anaishi Dodoma, na kila Desemba akija Moshi kula Krismasi nyumbani hapiti bila kuingia karakanani kwangu. Nilimjibu kwa adabu. Lakini sentensi hiyo nimeambiwa mara nne mwaka huu, na moja ya hizo niliambiwa na seremala mwenzangu, mtu mwenye randa na jiriwa mkononi. Huyo sikumjibu kwa adabu.

Mpingo unapasuka. Unapasuka ukiwa gogo, ukiwa mchi, ukiwa kinyago. Klarineti za Ulaya, zile ala nyeusi za kupuliza, zinatengenezwa kwa mpingo huu huu wa Lindi na Kilwa, uliokaushwa na watu wenye mashine na subira kuliko mimi, na bado zinapasuka: mpigaji anapuliza hewa ya moto yenye unyevu ndani ilhali nje kuna baridi, ufa unatembea. Wafaransa walifika mahali pa kusaga mpingo kuwa unga, wakauchanganya na gundi na nyuzi za kaboni, wakakereza ala kutoka humo ili waepuke ufa. Mti usiopasuka nani angeusaga?

Kinachowachanganya watu ni ugumu. Mpingo mkavu una kilo 1,200 na zaidi kwa mita ya ujazo, karibu mara mbili ya mninga. Unazama majini. Unamaliza makali ya patasi kabla chai haijapoa, na msumari bila kutoboa kwanza kwa drili utapinda tu. Sawa, hayo yote ni ya kweli, ila ni habari za chuma na mti. Ufa ni habari ya maji na mti.

Mti mbichi umejaa maji, na maji hayatoki sawasawa. Kwenye ncha za gogo yanakimbia, ubavuni yanajikokota. Kwa hiyo nje inakauka na kutaka kusinyaa wakati ndani bado kumelowa na kumegoma. Umewahi kuona ngozi mbichi iliyowambwa kwenye ngoma ikianikwa juani? Inavyojikaza ndivyo ngozi ya gogo inavyoukaza moyo wake, mpaka kitu kiachie. Tena mti hausinyai sawa kila upande: kuzunguka mduara unasinyaa zaidi kuliko kutoka nje kuelekea kiini. Ndiyo maana gogo zima lenye kiini ndani yake halina pa kujitetea. Lipasue katikati ya kiini upate nusu mbili, kila nusu ina nafasi ya kujinyoosha. Liache zima, litajipasua lenyewe, na mahali litakapochagua ndipo ulipokuwa umepanga uso wa kinyago.

Sasa hapa ndipo ninapowasikitikia wachongaji, kwa sababu mpingo mbichi ni mlaini zaidi kwa tezo. Mzee wa Kimakonde aliyenifundisha alikuwa anataka gogo lililokatwa karibuni, na ukimletea kavu anakuuliza kama unataka kumuua. Kinyago kinachongwa kibichi, kinauzwa kibichi kwa mtalii anayeteremka mlimani, kinapanda ndege kwenda kwenye nyumba yenye hita mchana na usiku. Nani hapo ameuza feki?

Nikikata gogo mimi nalipasua kwenye kiini, napaka ncha nta iliyoyeyushwa, naandika tarehe kwa chaki, naweka kivulini mbali na mlango. Kila mwisho wa mwezi napima vipande kwenye mizani. Kipande kikiacha kupungua uzito miezi mitatu mfululizo, nakiita kikavu. Vitabu vinaishia hapo na mimi ningependa kuishia hapo. Lakini nina kipande kilichokaa miaka minne, mizani haikusogea hata gramu, kikaachia mlio kama bunduki ya kitoto nikiwa nakikereza. Na nina rungu nililolikereza kwa haraka kutoka kwenye mti wa mwaka mmoja, niko nalo miaka tisa, halina hata mstari. Huwa nawaambia wanafunzi wangu ni mkazo uliofichwa ndani ya mti. Inawezekana. Inawezekana pia nasema hivyo kwa sababu ni lazima niseme kitu.

Kuhusu feki kweli, yaani mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu, haraka haraka. Weupe pembeni si kasoro, ni mti wa nje. Ndio wanaoupenda wadudu. Kupima kwa ndoo ya maji hakutoshi, kuna miti mingine ya nyika inayozama. Kitambaa chenye spiriti ndicho kibaya kuliko vyote: kiwi itatoka, lakini mpingo halisi nao unatoa rangi ya zambarau iliyokolea, na nimeona mtu akirudisha kitu cha kweli kwa sababu hiyo. Kwangua chini kwa kisu. Kiwi iko juu tu, weusi wa mpingo unaendelea.

Turudi kwenye bakuli. Nilimwomba mama apige picha ya chini. Pale karibu na ukingo kuna kitone kidogo na ufa unaanzia hapo hapo. Ni kiini. Nilikiacha mimi, nikijua. Bakuli la sentimita 25 linalokerezwa kutoka ncha ya gogo kama hili, bila kiini, linataka gogo ambalo weusi wake pekee unapita sentimita 50, na mti huu unaohitaji miaka 70 na zaidi kuwa wa kukatwa mara nyingi haufiki hapo. Yeye alitaka pana, mimi nilitaka hela ya ada ya shule ya Januari. Kisha nikamuuliza analiweka wapi.

"Juu ya friji, fundi. Linapendeza pale."

Juu ya friji, Dodoma, joto likipanda nyuma yake saa ishirini na nne.

Nimemwambia anitumie kwa basi. Nitajaza ufa kwa vumbi la mpingo na supaglu, nipige msasa, nipake nta, na sitamtoza kitu. Amekubali. Ila ameuliza kama safari hii naweza kumpa la mpingo halisi.