Nyota ya babu na namba ya batalioni

Familia nyingi huniletea nishani ileile: nyota ya rangi ya shaba yenye ncha sita, wakitaka niwaeleze babu yao alifanya nini vitani. Nikiigeuza, mgongo ni mtupu. Nyota ya Burma, nishani ya Uingereza kwa waliotumika Burma (leo Myanmar) katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa kawaida haikuchongwa jina la askari. Inanieleza alikofika tu.

Basi nauliza batalioni, maana katika Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki) namba ilibeba asili. Batalioni za 6, 26 na 36 zilikuwa za Tanganyika; za 4, 34 na 44 za Uganda. Mzee aliyezoea kusema "sisi ishirini na sita" alikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye alama ya kichwa cha faru, na njia yake naifahamu.

Kuanzia Agosti 1944 divisheni hiyo iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, kutoka Tamu, katikati ya mvua za monsuni, hadi mwanzoni mwa Desemba ilipofika Kalewa kwenye mto Chindwin. Ni zaidi ya kilomita 100 za tope. Magari yalikwama, chakula kikaangushwa na ndege.

Wajukuu huuliza aliua wangapi. Swali hilo hunisononesha, kwa kuwa siku nyingi za askari wa miguu ziliishia kutembea, kubeba na kuchimba. Jioni, kabla ya kula, sharti achimbe handaki lake, na mara nyingi maji yalimtangulia kuingia. Kila siku alimeza mepakrini, kidonge kilichogeuza ngozi kuwa ya manjano, kwani bonde lile lilijaa malaria na taifasi inayoenezwa na utitiri wa vichakani. Kuugua kule nako ni utumishi wa vita, nami nakuandika hivyo.

Taabu yangu kubwa ni shajara za batalioni, yaani kumbukumbu zake za kila siku za vita. Ziliandikwa na maafisa, na katika vita ile Keya haikuwa na afisa Mwafrika. Afisa akijeruhiwa hutajwa kwa jina. Askari huwa hesabu tu: wawili wamekufa, watano wameumia. Kwa hiyo anayekuja kwangu namwomba akumbuke kovu. Lilikuwa mwilini wapi, na babu alisema aliumia kabla ya kuvuka Chindwin au baadaye? Nikipata hayo, naweza kufungua siku chache za shajara na kumtafuta kati ya wale watano.