Utumbo si sufuria, hauna ukoko

Wiki iliyopita wagonjwa watatu, siku moja, waliniuliza swali lile lile: "Dokta, hiyo kamera yako imeuona uchafu?" Wa tatu alikuja na kopo la asali. Ndani hamkuwa na asali. Mlikuwa na alichokitoa asubuhi baada ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo, ute wa kijani unaovutika kama bamia, na alitaka nikiri kwamba hicho ndicho kilichomletea presha, kisukari na maumivu ya magoti. Kazi yangu ni kuchungulia matumbo ya watu. Nimelijibu swali hili mpaka sauti imekauka, sasa naliandika.

"Magonjwa sugu yote yanaanzia kwenye uchafu uliogandia utumboni"

Wanavyoieleza wauzaji, kila mtu mzima amebeba kilo kadhaa za kinyesi cha zamani kilichoshika ukutani mwa utumbo mpana kama ukoko wa wali, na sumu yake inavuja taratibu kwenye damu. Ukisafisha, presha inashuka, sukari inashuka, ngozi inang'aa.

Huo ukoko sijawahi kuuona. Kabla ya kolonoskopi, yaani kuchunguliwa utumbo mpana kwa kamera, mgonjwa hunywa lita tatu hadi nne za dawa ya kuharisha. Ikishafanya kazi, ukuta wa utumbo ni wa pinki, umelowa, na vimishipa vya damu vinaonekana kama mistari ya jani. Utasema, si umeshasafisha? Haya, wapo pia wanaokuja wamekunywa nusu ya dawa. Kwao nakuta uji uji wa kahawia, narushia maji kupitia kwenye mpira wa kamera, unaondoka. Ukoko gani huo wa kuondoka kwa maji ya bomba la sindano? Tena hauna pa kushika. Tabaka la juu la ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha kila baada ya siku tatu hadi tano hivi. Ukuta unaomomonyoka na kujengwa upya kila wiki hauwezi kutunza kinyesi cha mwaka jana.

Sasa kile kilichotoka ni nini? Kinyesi cha kawaida karibu robo tatu yake ni maji, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni bakteria, walio hai na waliokufa. Ndiyo maana hata aliyefunga kula siku mbili bado anapata choo. Kila siku takriban lita tisa za majimaji huingia kwenye utumbo mwembamba. Lita mbili hivi ni ulichokunywa, zilizobaki ni mate, nyongo, maji ya tumbo na ya kongosho. Karibu yote hurudishwa mwilini. Dawa ya kuharisha inavuruga huko kurudisha, kwa hiyo ukienda chooni mara nane umemwaga maji na chumvi zako mwenyewe, na hizo kilo mbili zilizopungua kwenye mizani zitarudi ukinywa maji. Ute wa kama bamia nao utumbo huutengeneza kila siku kujilinda, na ukisumbuliwa huutengeneza kwa wingi. Kama dawa yako ilikuwa na unga wa nyuzi au udongo wa mfinyanzi, basi ile kamba ndefu uliyoipiga picha ni dawa yenyewe iliyovimba.

Uchafu mmoja nauona kweli. Mara kwa mara naingiza kamera nakuta ukuta umekuwa wa kahawia iliyokolea, una madoadoa kama ngozi ya nyoka. Kabla sijauliza najua jibu: mgonjwa ametumia sanamaki au utomvu wa njano wa alovera kwa miezi au miaka. Dawa hizo huua seli za ukuta wa utumbo, na mabaki yake hugeuka rangi hapo hapo ndani ya ngozi. Rangi yenyewe haidhuru, na ukiacha dawa hufifia ndani ya mwaka hivi. Lakini doa pekee ninalolikuta kwenye kuta za watu limepakwa na dawa ya kusafisha.

Sanamaki ni dawa halali, na mimi naiandika kwa vidonge mgonjwa akifunga choo. Inafika utumbo mpana bila kumeng'enywa, bakteria wa kule wanaivunja, na kinachopatikana ndicho kinachousukuma utumbo. Siku chache, sawa. Ugomvi wangu ni kikombe cha kila asubuhi kwa mtu mwenye presha.

Mwaka jana aliletwa mama wa miaka sitini na kitu, kashikwa mabega na wanawe wawili, miguu haina nguvu, moyo unaruka mapigo. Walidhani kapooza. Potasiamu yake, madini ya damu yanayoendesha misuli na moyo, ilikuwa 2.4, na ya kawaida haitakiwi kushuka chini ya 3.5. Alikuwa anameza kidonge cha presha cha kukojoza, ambacho huitoa potasiamu kwa mkojo, na juu yake sanamaki na alovera kila alfajiri, zinazoitoa kwa choo. Nilipomuuliza anatumia dawa gani alinitajia kidonge tu. Ile nyingine hakuihesabu kuwa dawa, ni "majani tu, dokta".

Wazo lenyewe si la babu zetu, ingawa linauzwa kwa jina lao. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari na wanasayansi wakubwa wa Ulaya waliliamini. Élie Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake ya kinga ya mwili, alifikiri uozo wa utumbo mpana ndio unaozeesha watu, akahimiza maziwa yaliyochacha. Daktari mpasuaji wa London, William Arbuthnot Lane, alikwenda mbali zaidi: watu waliofunga choo aliwakata utumbo mpana mzima. Presha haikuisha duniani, na utabibu ukaliacha wazo hilo. Sokoni halikuachwa.

Na kinachoniuma zaidi ni muda unaopotea. Choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, damu, uzito unaoshuka bila sababu, upungufu wa damu kwa mtu wa miaka 50: vikija pamoja na dozi ya tatu ya kusafisha, huwa naomba Mungu nisikute uvimbe. Wakati mwingine naukuta.

"Vidonda vya tumbo ni mawazo na njaa, kunywa maziwa"

Vingi ni bakteria Helicobacter pylori au dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 kuthibitisha, tumbo likamwaka, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel. Maziwa yanatuliza kwa muda, kisha yanaliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Pima, na ukipewa dozi ya siku 14 usiikate siku ya tano kwa sababu kiungulia kimepoa.

"Dawa ya asili ya magoti ilinitoa maumivu siku mbili tu"

Kasi hiyo inanitia wasiwasi. Baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba zimekamatwa nchi mbalimbali zikiwa zimechanganywa na deksamethasoni, dawa kali ya uvimbe inayofanya kazi kama homoni ya mwili, au diklofenaki ya kusagwa. Uso ukianza kuwa wa mviringo na sukari ikapanda, leta chupa. Na usiache ghafla kabla hujaonwa, kwa sababu mwili unaweza kuwa umeshaacha kutengeneza homoni yake.

"Metformini ni kemikali, mimi natumia mimea"

Metformini, kidonge cha kisukari, yenyewe ina ukoo na mmea, Galega officinalis. Tofauti ni kwamba kwenye kidonge tunajua umemeza miligramu ngapi.

Mlonge, tangawizi na kitunguu saumu vyote kuleni. Kwenye chakula hakuna mtu atakayewakamata. Ila visichukue nafasi ya dozi, na mwenye dawa ya kuzuia damu kuganda asinywe vitunguu saumu vya kusaga kwa kijiko bila kuniambia.

Anayetaka kweli kulitunza tumbo lake namwambia habari za nyuzi za chakula, na hapo najua nachosha watu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala, aliona kwamba wanakijiji waliokula matoke, maharage na mboga walipata choo kikubwa na laini, na magonjwa ya utumbo aliyoyajua kwao Ulaya kwa nadra aliyakuta hapo. Bakteria wakichachusha nyuzi hizo hutoa asidi ambayo ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Sembe nyeupe kila siku haiwapi kitu. Kula dona, mtama, ulezi, mchicha. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, anza na vijiko viwili vitatu. Gesi ya wiki mbili za mwanzo vumilia. Mwenye figo zilizochoka aulize kwanza. Hata kiporo kina faida, maana wali ukipoa sehemu ya wanga wake hugeuka ngumu kumeng'enywa na kuwafikia bakteria, lakini kilale kwenye friji. Kikilala mezani kinaota sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Yule mama alipona kwa potasiamu ya dripu. Siku ya kumruhusu akaniambia ile sanamaki iliyobaki, karibu nusu kilo, atampelekea dada yake Tanga anayelalamika tumbo. Nikamuuliza huyo dada anameza dawa gani za presha.