Je, wajua kwa nini chama hutufuata hadi kwenye sala?

Jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Dodoma husali nyumba kwa nyumba, alfajiri ya Jumamosi. Wakati wa kampeni za 2020 nilianza kusikia kitu. Tukiwaombea wagonjwa, wote huitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Tukifika kwa viongozi wa nchi, upande wa mlangoni kunapoa. Mama mmoja hubaki kashika rozari, kafunga mdomo.

Tumezoea kudhani dini ndiyo humchagulia mtu chama. Mara nyingi chama hutangulia, na imani husikilizwa kupitia hicho. Kule Marekani, wanasosholojia Michael Hout na Claude Fischer walieleza mwaka 2002 kwamba ndani ya miaka ya 1990 watu wanaojitaja kuwa hawana dini waliongezeka kutoka asilimia 7 hadi 14. Wengi wao walikuwa bado wanamwamini Mungu. Kilichowachosha baadhi yao ni dini kuambatana na siasa za kihafidhina.

Kwetu mtu hajitoi kirahisi, kwa kuwa jumuiya ndiyo itakayomzika. Anabaki, ila anabadili masikio. Agosti 2023, baada ya kusomwa tamko la maaskofu Katoliki la kupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, majirani zangu wawili walitoka misa moja. Mmoja alisema kanisa limetetea wanyonge, mwenzake akasema maaskofu wameingia siasa. Nilijua kila mmoja angesema nini kabla hajafungua kinywa, kwa sababu nazijua kadi zao za chama.

Kadi hizo zina mizizi. CCM, yenye makao makuu papa hapa Dodoma, ilizaliwa 1977 na hadi 1992 kilikuwa chama pekee. Wazee wengi walikipokea pamoja na nchi, balozi wa nyumba kumi akiwa jirani yao. Kukikosoa huwauma kama kutukanwa kwa mzazi. Kijana wa upinzani naye huona kila Amina kwa kiongozi ni kura. Sheria inakataza kusajili chama cha dini. Mgombea kualikwa mgeni rasmi wa harambee ya mabati ya kanisa ni jambo jingine, na naliona ni hatari zaidi.

Juzi zamu ya kuongoza ilikuwa ya yule mama. Akaomba: "Kwa wanaotuongoza, na kwa wanaotaka kutuongoza."

Mlangoni wakaitikia.