"Kaka, mtandao umenikataa": dhana potofu na ukweli kuhusu kuingia kwenye mfumo ukiwa tawi la mbali

Simu huja saa mbili na dakika tano asubuhi, kutoka tawi la watu sita. Seva iko makao makuu. Kompyuta zao za Windows zimeungwa kwenye domeni ya ofisi, yaani kundi la kompyuta na akaunti zinazosimamiwa na seva hiyo, kupitia VPN, njia ya siri inayopita juu ya intaneti. Kabla sijauliza lolote, rauta imeshazimwa na kuwashwa mara tatu.

Dhana: "Huyo kasahau nenosiri."

Tunaipenda hii kwa sababu lawama hubaki kwa mtumiaji. Siku moja mhasibu alikuwa ameingia kwenye kompyuta vizuri, lakini folda ya pamoja ikawa inamdai nenosiri. Analiandika, inamdai tena. Nilishambadilishia mara mbili ndipo nikamwambia, "Dada, hebu nisomee saa iliyo pembeni chini."

"Saa sita na dakika ishirini usiku."

"Na tarehe?"

"Mosi Januari, 2015. Eeh! Kaka, hii imekuwaje?"

Umeme ulikatika usiku, na ile betri ya duara kwenye madaboadi (bodi kuu ya kompyuta), CR2032, inayotunza saa, ilikuwa imeshakufa.

Ukweli ni kwamba domeni ya Windows humthibitisha mtu kwa Kerberos, utaratibu ambao seva humpa mtu tiketi ya kidijitali ya kuingilia, na tiketi hizo hubeba muda. Kwa mpangilio wa kawaida, saa ya kompyuta ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, tiketi hukataliwa, hata nenosiri liwe sahihi herufi kwa herufi. Betri yenyewe hata fundi saa anayo. Siku hizi swali langu la kwanza ni saa ngapi.

Dhana: "YouTube inacheza, kwa hiyo tatizo ni seva yenu."

YouTube haihitaji kujua seva yetu iko wapi. Kompyuta ya tawi inahitaji, na huulizia kwa DNS, huduma inayogeuza majina ya kompyuta kuwa anwani. Jibu liko kwenye DNS ya ndani ya ofisi tu. Sasa anakuja fundi wa intaneti, anaona kurasa zinasuasua, anaandika 8.8.8.8, DNS ya Google, kwenye rauta. Kurasa zinafunguka chap, anaagwa kwa soda. Kesho yake tawi zima halioni domeni. Google haina kosa hapo. Majina ya ndani ya ofisi yetu itayajulia wapi?

Kuna wanaoiweka 8.8.8.8 kuwa DNS ya pili, "iwe ya akiba". Hiyo ni mbaya zaidi, maana tatizo linakuwa la kuja na kuondoka. DNS ya ndani ikichelewa kujibu, Windows huhamia ile ya pili; ikiambiwa jina hilo halipo, inaamini. VPN ya laini ya simu huchelewa kila mvua ikitanda, basi mafundi wanailaumu mvua.

Kipimo chake ni kifupi. Fungua dirisha la amri, andika `nltest /dsgetdc:` ukifuatisha jina la domeni bila nafasi, kisha acha nafasi na uandike `/force`. Isipotajwa seva, kagua DNS na VPN kabla ya kugusa akaunti ya mtu.

Dhana: "Mwenzake kaingia, basi mtandao ni mzima."

Si lazima. Windows hukumbuka watu walioingia kwenye kompyuta hiyo, 10 wa mwisho kwa kawaida, na huwafungulia hata VPN ikiwa imekufa. Tena kwa nenosiri la zamani. Ukitaka kujua hali halisi, mkalishe mtu ambaye hajawahi kuitumia kompyuta hiyo.

Dhana: "Akaunti inajifunga yenyewe, tumedukuliwa."

Huenda. Mara nyingi, lakini, ni simu ya mwenyewe yenye barua pepe ya kazi, bado inagonga kwa nenosiri la mwezi uliopita. Kwenye kumbukumbu za seva tafuta tukio namba 4740. Hutaja kompyuta ambayo kosa limepitia.

Dhana: "Imekaa kabatini miezi mitatu, domeni imeisahau. Itoe uirudishe."

Kompyuta nayo ina nenosiri lake kwenye domeni, na kwa kawaida hulibadilisha kila siku 30. Lakini inayoanzisha mabadiliko ni kompyuta yenyewe. Ikiwa imezimwa, hakuna kinachobadilika. Uhusiano wa kompyuta na domeni huvunjika zaidi pale mtu anapoirudisha kompyuta kwenye hali ya zamani, au akaunti ya kompyuta hiyo ikifutwa kwenye usafi wa seva. Akaunti ikiwa bado ipo, jaribu kwanza `Test-ComputerSecureChannel -Repair` kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, kwa haki za msimamizi.

Kuitoa kwenye domeni ukiwa mbali nimewahi kufanya. Ilipowaka tena iliomba nenosiri la msimamizi wa kompyuta ile, aliyeliweka alishaacha kazi, na mimi nikakata tiketi ya basi la alfajiri.