Kibali cha ujenzi si kibali cha kijito

Juzi kwenye kikao cha eneo la ujenzi, msimamizi aliulizwa kuhusu kalavati la kupitisha kijito chini ya barabara. Akafungua faili, akatoa karatasi yenye muhuri, akasema, "Kibali hiki hapa." Niliisoma mstari kwa mstari. Kilikuwa kibali cha kujenga majengo. Neno kijito halikuwamo hata mara moja. Kalavati lenyewe lilikuwa kwenye mchoro wa ukurasa wa mwisho, mistari miwili sambamba ikikata mstari wa buluu. Yule bwana hakuwa anadanganya. Aliamini kabisa kwamba muhuri ule umefika mpaka majini, na si wa kwanza niliyemsikia akiamini hivyo.

Kibali cha mazingira cha kuweka kalavati ni idhini ya maandishi ya kugusa mkondo wa maji: kuchimba kingo zake, kuchepusha maji kwa muda, kumwaga kifusi na kuupitisha mkondo ndani ya bomba au sanduku la zege. Kwa kawaida hutolewa na mamlaka inayosimamia maji au mazingira, na huja na masharti. Maana yake ni hiyo.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe. Kibali kimetoka katika mzizi wa Kiarabu wa herufi tatu, q-b-l, uliotupa pia kubali, kabla, kibla, mkabala na kukabili. Kibla ni upande unaouelekea. Mkabala ni kilicho mbele yako uso kwa uso. Kabla ni kilichotangulia. Kwa hiyo ndani ya kibali mna mambo mawili: kuna mwingine aliyekutazama akakukubali, na kuna kutangulia. Ndiyo maana tunasema fulani amepata kibali mbele za watu, hakuna anayejipa. Na ndiyo maana "tutaomba kibali baada ya kulaza mabomba" ni sentensi inayojivunja yenyewe. Kinachoombwa wakati huo ni msamaha, na mara nyingi jibu huwa ni kufukua upya.

Wengi hulichanganya neno hili na ruhusa. Ruhusa ina historia nyingine. Kwenye fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, rukhsa ni nafuu: msafiri au mgonjwa katika Ramadhani anaweza kula, akalipa siku zake baadaye. Aliyepewa ruhusa amepunguziwa mzigo. Aliyepewa kibali cha kijito ameongezewa, kwa sababu karatasi ile ni masharti tangu juu mpaka chini, na ukiyavunja kibali chenyewe kinaweza kufutwa.

Kalavati nalo tumelipokea kutoka Kiingereza, na Waingereza wenyewe hawajui walilitoa wapi. Kamusi zao huandika kwamba asili yake haijulikani. Nadhani ugeni huu umechangia mkanganyiko. Ukisema "bomba la kupitisha kijito chini ya barabara", kila aliye mezani anakiona kijito. Ukisema kalavati, wanaona bomba, na bomba ni la fundi wa ujenzi, basi wanafikia kibali cha ujenzi moja kwa moja.

Sheria haziendi njia hiyo. Kenya, kifungu cha 42 cha sheria ya mazingira ya mwaka 1999 kinakataza kujenga, kubadili, hata kubomoa kitu ndani ya mto au chini yake bila idhini ya maandishi inayotolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Uingereza, kifungu cha 23 cha sheria yao ya mwaka 1991 ya uondoaji wa maji ardhini kinalitaja kalavati kwa jina. Marekani, kifungu cha 404 cha sheria ya maji safi ya mwaka 1972 kinaanzia kwenye kifusi kinachomwagwa majini, na anayetoa kibali ni kikosi cha wahandisi cha jeshi. Milango mitatu tofauti, na hakuna hata mmoja unaoanzia kwenye jengo.

Kuna pia mkanganyiko wa pili, wa watu makini kidogo: wanaonyesha cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira. Hicho ni kitu kikubwa, nakiheshimu, lakini kinaupima mradi mzima. Penye mamlaka ya maji iliyo kando, cheti hicho hakijibu kwa niaba yake. Kibali cha kutumia maji ndiyo kabisa hakijibu. Hicho ni cha kuchota.

Nimewahi kuchuchumaa mbele ya kalavati moja ambalo mdomo wake ulikuwa umebaki hewani, kimo cha goti juu ya maji. Bomba lilikuwa jembamba kuliko kijito, kwa hiyo maji yalitoka kwa kasi na kuchimba shimo pale yalipoangukia, mwaka hadi mwaka, mpaka sakafu ya kijito ikashuka na bomba likabaki juu peke yake. Samaki wadogo, urefu wa kidole, walikuwa wakiruka, wakigonga zege na kuanguka. Walikuwa wakijaribu kupanda mkondo kama walivyozoea. Barabara iliyopita juu yao haikuwa na ufa hata mmoja.

Mkaguzi wa ujenzi angelipitisha kalavati lile bila shida, na asingekuwa amekosea, kwa kuwa yeye anauliza kama litabeba lori. Maswali ya kibali cha kijito ni mengine. Je, upana wa kalavati haupungui upana wa kijito? Sehemu yake ya chini imezamishwa ardhini kiasi cha changarawe kutandikika ndani, au samaki watakutana na zege tupu? Kazi itafanywa majira ambayo maji ni machache? Maji ya kuoshea vifaa vya zege yatakwenda wapi? Hilo la mwisho linapuuzwa sana, ilhali zege mbichi huyafanya maji kuwa na alikali kali, na samaki hufa haraka. Kisha kuna aliye upande wa chini, ambaye mafuriko unayoyaharakisha yatamfikia, na aliye upande wa juu, ambaye maji yatamrudia bomba likiziba.

"Lakini kijito chenyewe kimekauka." Hili nalo nalisikia kila kiangazi. Katika nchi nyingi sheria hutazama njia ya maji, yaani sakafu na kingo, hata kama siku ya ukaguzi hakuna tone. Kijito cha msimu kinarudi mvua zikianza, na kitaipita njia yake ile ile.

Msimamizi yule nilimweleza pembeni, baada ya watu kutawanyika. Karatasi yake ni halali, majengo yaendelee. Akiulizwa tena kuhusu kalavati, aseme hivi: "Kibali cha ujenzi tunacho, cha kijito bado," na mashine ya kuchimbia ibaki upande huu wa ukingo.